Jumapili ya mwezi tatu

Nilishuka kisiwani na mifuko miwili: mmoja wa nguo, mwingine wa mipira saba, filimbi na njumu zangu. Niliitwa kuwafundisha vijana soka. Kucheza nilijiongezea mwenyewe. Nilikuwa na miaka 31, magoti bado yananitii, na kichwani nilikuwa na Eric Cantona, aliyeipa Ufaransa Kombe la Dunia la soka la ufukweni mwaka 2005 akiwa kocha na mchezaji kwa pamoja. Kwamba yeye alikuwa Cantona na mimi sikuwa, hilo sikulipa uzito.

Uwanja ulikuwa mchanga wa pwani. Alhamisi ya kwanza, saa kumi jioni, bahari ilikuwa imekaa mbali na mchanga umelala mgumu, mpira ukiteleza vizuri kuliko kwenye viwanja vingi vya nyasi nilivyowahi kuchezea. Nikapima kwa hatua, nikachora mistari kwa kisigino, kisha nikabandika ratiba mlangoni kwangu: Alhamisi, Jumamosi, Jumatatu, saa kumi kamili. Vijana wakaisoma, wakatazamana, wakasema, "Sawa, kocha." Nikafurahia nidhamu yao. Baadaye ndipo nilipojua kuwa ile "sawa" haikuwa ya kukubali. Ilikuwa ya kusubiri waone.

Njumu zilidumu miguuni kwa dakika kumi. Zilijaa mchanga hadi vidole vikakosa pa kukaa, nikazitupa pembeni na kucheza peku kama wenzangu. Usiku ule nilihesabu malengelenge manne. Mchanga humla mchezaji kwa namna yake: kila hatua inazama kidogo, unasukuma na ardhi haikurudishii nguvu, na mashavu ya miguu yanauma mahali ambapo hukujua pana msuli.

Siku ya pili niliwasimulia habari za Tahiti, kisiwa chenye watu wachache kuliko miji mingi, ambacho timu yake ilifika fainali ya kombe lilelile mara mbili mfululizo, 2015 na 2017. Fainali zote mbili walifungwa, Ureno 5–3 kisha Brazil 6–0, lakini sehemu hiyo niliipitia haraka.

Jumatatu ndiyo iliyonimaliza. Niliona mchanga umepungua na umelowa, nikadhani ni upepo. Nilicheza dakika zote, nikipuliza filimbi huku nakimbia, jambo ambalo simshauri mtu. Hewa ilikuwa nzito, jasho linatiririka wala halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili, linakulowesha tu. Kabla ya machweo mashavu ya miguu yakakaza kama kamba, kichwa kikagonga, nikatapika mbele ya wachezaji wangu. Nilijua fika kwamba mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, uanze kutoa jasho mapema na kubana chumvi yake. Mchezaji mgeni ningempangia dakika ishirini siku ya kwanza. Mimi nilijipangia zote.

Nikalala siku tatu. Ijumaa nikajikongoja hadi kizingitini. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akishona nyavu zake hatua chache kutoka hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mwili unasemaje?"

"Afadhali. Jumapili tuna mechi, saa kumi. Nitacheza."

Akakata uzi kwa meno. "Jumapili ni mwezi tatu."

Nikacheka kwa adabu, nikimhurumia kwa uzee wake. "Hapana, mzee. Bado tuko mwezi wa kumi."

Akaniangalia kitambo, kisha akarudi kwenye nyavu. "Haya, mwanangu."

Jumapili wageni walikuja mapema kutoka upande wa pili wa kisiwa, wakitembea pwani na jezi mabegani. Nilipofika, nusu ya uwanja wangu haikuwepo. Nikamuuliza kocha wao kama tuahirishe. Akasema wao wako tayari, tucheze vipindi vya dakika thelathini. Alikuwa na tabasamu ambalo ningepaswa kulichunguza zaidi.

Tuliingia na mpango wangu: pasi za chini, mawinga wapanue uwanja. Winga wetu wa kulia alikuwa kijana mwembamba, mtiifu kupita kiasi, na kulia ndiko kulikokuwa na bahari. Nilimshika bega nikamwambia, "Usiuache mstari. Hata mpira usipokuja, kaa palepale."

Tulifunga la kwanza. Lilikuwa langu, na nalitaja kwa sababu sikupata lingine la kutaja siku hiyo. Baada ya hapo maji yakaanza kuja kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Pasi yetu ya chini ikifika majini, inasimama kama imekumbuka jambo. Wageni walikuwa hawagusi chini tena: mguu chini ya mpira, juu, kichwa, juu, mguu. Waliucheza upande wa nchi kavu, kwenye mchanga laini wa juu, na beki wetu wa kushoto akabaki peke yake na watu watatu. Bao moja, mawili, matatu, manne. Mimi katikati napiga kelele, "Chini! Uwekeni chini!" wakati hapakuwa na chini ya kuuweka.

Kipindi cha pili hakikufika dakika ya kumi. Wimbi liling'oa mti mmoja wa goli letu, na kipa akaacha lango kuufuata. Mwamuzi akapuliza filimbi, 4–1, watu wakacheka na kupanda juu penye ukavu. Nikahesabu wachezaji wangu, wakawa kumi pamoja nami.

Nikageuka. Winga wangu alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, maji yamempita magoti, mikono kiunoni, akitazama mbele.

"Kocha," akaita, "bado nipanue?"

Jioni, baada ya jua kuzama, ulionekana upinde mwembamba wa mwezi juu ya maji. Yule mzee akaja kusimama karibu yangu, akanionyesha kwa kidevu.

"Huo ndio mwezi tatu, mwalimu. Usiku wake wa tatu. Siku zake ni za bamvua."

Hakunicheka. Alikaa akanifundisha kama ambavyo mimi nawafundisha watoto kupokea mpira, taratibu, akirudia. Wewe ulikuja siku za maji mafu, akasema, mwezi ukiwa nusu, na maji hayaendi mbali wala hayaji sana. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari inatoka mbali na inarudi juu, hiyo ndiyo bamvua. Na kila siku maji yanachelewa kidogo. Nilipofuatisha na saa yangu wiki zilizofuata niliona ni kama dakika 50. Ndiyo maana saa kumi ya Alhamisi ile ilikuwa mchanga mtupu, na saa kumi ya Jumapili bahari ilikuwa katikati ya safari yake ya saa sita ya kujaa, pale inapokimbia kuliko wakati wote.

"Kwa nini vijana hawakuniambia?"

"Uliandika mlangoni," akasema. "Wakadhani unajua."

Niliibandua ile ratiba usiku uleule. Nikakaa na kalamu na vidole, nikihesabu siku na dakika, nikaandika mpya ya wiki mbili: siku nyingine asubuhi mapema, nyingine jioni, hakuna mbili zinazofanana. Nilijivunia sana. Kulipokucha nikampelekea mzee aione kabla sijaibandika. Akaisogeza mbali na macho, akaipitia mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Jumatano umekosea," akasema, akanirudishia.