Ninamwandika Yezebeli, ila simtetei

Riwaya yangu ya Yezebeli, yule malkia wa Israeli katika Biblia, imefika kwenye shamba la mizabibu la Nabothi, mtu aliyeuawa kwa ajili ya shamba hilo, na imegoma hapo hapo. Wanaojua ninachoandika wananishangaa. Mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni: "Mwanangu, Esta yupo, Ruthu yupo, Debora yupo. Umekosa mtu?" Nikacheka tu, maana ukianza kubishana na wakubwa wa kwaya siku ya mazoezi, hamtaimba.

Lakini jibu ninalo. Huyu mwanamke tumemfanya kuwa lipstiki. Msichana akipaka nyekundu na kuvaa kiatu kirefu, basi kaingiwa na roho ya Yezebeli. Ukikaa chini ukasoma vitabu vya Wafalme, humkuti na mwanamume yeyote zaidi ya mumewe, Ahabu. Uzinzi anaousema Yehu, jemadari aliyeupindua ukoo wa Ahabu, ni ule wa lugha ya manabii, yaani kuiendea miungu mingine. Dhambi zake zenyewe ni nzito kuliko rangi ya mdomo: aliwaua manabii wa Bwana hadi Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, akalazimika kuwaficha mia moja mapangoni, hamsini hamsini. Huyo ndiye ninayemtaka, muuaji mwenye akili, siyo kahaba wa kubuniwa.

Ni binti wa Ethbaali, mfalme wa Wasidoni. Mwanahistoria Yosefo anasema baba huyo alikuwa kuhani wa mungu wa kike Astarte kabla hajamuua mfalme na kukalia kiti chake. Kwa hiyo mtoto amekulia kwenye nyumba ambako dini na kiti cha enzi ni kitu kimoja, na ambako ufalme hauombwi. Anatolewa pwani, kwenye meli na rangi ya zambarau, anapandishwa Samaria, kilima ambacho baba mkwe wake Omri alikinunua kwa talanta mbili za fedha. Na mumewe si mfalme wa kuchezewa. Maandishi ya Shalmanesa III wa Ashuru kuhusu vita vya Karkari, mwaka 853 KK, yanamtaja Ahabu akiwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Kanisani tunamwona kama bwana aliyekaliwa na mke. Waashuru walimhesabu kati ya wakubwa waliosimama mbele yao.

Msimulizi wangu ni mjakazi aliyekuja naye kutoka Sidoni. Simpi jina, kwa sababu Biblia nayo isingempa. Kazi yake ni kusaga wanja. Kipande hiki ni cha siku ya mwisho, Yehu anapoingia Yezreeli:

"Akaniambia nilete kioo. Nikamwambia, bibi, mlango wa nyuma uko wazi, na nyumbu yupo. Akanyamaza, akainua uso kama anavyouinua kila asubuhi. Mkono wangu ulitetemeka, wanja ukapita mpaka kwenye shavu. Akaufuta mwenyewe kwa kidole gumba. 'Anza tena,' akasema. 'Tuna nafasi.'"

Watu husema alijipamba ili amtongoze Yehu. Hebu tuhesabu. Ahabu alitawala miaka 22, mwanawe Ahazia 2, Yehoramu 12. Huyu ni mama mkwe wa watu, na mwanawe Yehoramu ametoka kuuawa na Yehu muda si mrefu. Kisha sikiliza anachokisema dirishani: anamwita Yehu Zimri. Zimri ni yule jemadari aliyemuua bwana wake akatawala siku saba, halafu akajichoma moto ndani ya jumba la mfalme. Na aliyemzingira mpaka akajichoma ni Omri, baba mkwe wa Yezebeli. Hicho ni kisa cha ukoo wao, naye anamtupia Yehu usoni akijua kabisa kwamba hatoki hai. Matusi ya namna hiyo hayatongozi mtu. (Yehu, kwa taarifa yako, alitawala miaka 28. Bibi hakuwa nabii.)

Sura hiyo iliandikika yenyewe. Kilichonishinda ni Nabothi.

Sisi wa Dodoma tuna mizabibu, na shangazi yangu analima Hombolo. Nilimsomea mahali Ahabu anapotaka lile shamba alifanye bustani ya mboga kwa kuwa liko karibu na nyumba yake. Shangazi akaacha kupogoa. "Ang'oe mizabibu apande mchicha?" Alikasirika kuliko alivyokasirikia mauaji yenyewe. Mkulima anaelewa kwa nini Nabothi alikataa kulitoa kabla hajaambiwa habari ya urithi wa baba zake.

Ahabu anajilaza kitandani, anaususia mkate. Yezebeli anaandika barua kwa jina la mumewe, anazipiga muhuri wa Ahabu, anazipeleka kwa wazee wa mji: tangazeni mfungo, mkalisheni Nabothi mbele ya watu, tafuteni mashahidi wawili waseme amemtukana Mungu na mfalme. Mashahidi wawili! Mgeni huyu anaijua sheria ya Israeli vizuri, anajua inataka mashahidi wangapi, na anaitumia kuua. Kitabu cha pili cha Wafalme kinaongeza kuwa damu ya wana wa Nabothi nayo ilimwagika, maana yake hata warithi hawakubaki. Hapo siwezi kumtetea, na riwaya itakayojaribu itakuwa ya uongo.

Lakini wale wazee wa Yezreeli je? Walimfahamu Nabothi, walikaa naye langoni. Hakuna hata mmoja anayeandikwa kuwa aliuliza swali. Walifunga, wakakaa, wakapiga mawe, wakarudisha jibu kwa Yezebeli. Na jibu linakwenda kwake, wala si kwa Ahabu ambaye jina lake ndilo lililo kwenye barua. Kumbe walijua nani ameandika!

Nimeamua, basi. Mjakazi wangu hatachungulia sura hii kutoka mlangoni. Yeye ndiye atakayekanda udongo wa muhuri, kwa vidole vile vile vya wanja, na bibi yake atamsomea barua kwa sauti kabla ya kuifunga. Ataelewa kila neno. Nataka nione atafanya nini, na nadhani ataukanda vizuri.