Rili iliyokuwa inakwaruza na kuchanganya mshipi: jinsi nilivyoitatua

Rili ya kidole gumba, yaani kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, ile inayokaa juu ya fimbo, ilikuwa inalia kila chambo kinaporushwa, mrusho mfupi, mshipi unajifunga fundo. Kuongeza breki hakukusaidia, kwa sababu tatizo lilikuwa chumvi. Ukivulia Kigamboni, maji ya bahari hukauka ndani ya beringi na kuacha chembe ngumu; spuli, kigurudumu kinachobeba mshipi, inazunguka kwa kusitasita.

Nilifungua bamba la pembeni, nikatoa spuli, nikang'oa kwa sindano kiwaya kinachoshika beringi. Kizibe kwa kidole, huwa kinaruka na hukioni tena. Beringi niliiloweka kwenye spiriti, mbali na moto, nikaitikisa mpaka uchafu ukakoma, nikaikausha, kisha tone moja tu la oili ya cherehani. Grisi ni ya gia. Kwenye beringi ya spuli inaua mwendo kabisa. Ikiendelea kukwaruza baada ya hapo, imeshaliwa na kutu, nunua nyingine ya kipimo kilekile.

Mshipi uishie milimita 3 chini ya ukingo wa spuli. Kaza kitufe cha pembeni hadi chambo kishuke polepole na spuli isimame kinapogusa chini.

Ukitoka baharini, kaza nyota ya mpini, ile gurudumu ndogo yenye umbo la nyota karibu na mpini, kisha suuza rili kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu. Presha husukuma chumvi ndani. Ikikauka, legeza nyota.