Mzee Guzmán na filamu ileile

Kuna jamaa yangu aliniambia Patricio Guzmán, yule mtengeneza dokumentari wa Chile, anajirudia. Eti mzee ana miaka hamsini anapiga filamu ileile, Chile, Allende, Pinochet, basi, hana kingine. Sikumjibu hapohapo maana ukiangalia juujuu ni kweli, zipange kazi zake uone, karibu kila moja mwishowe inarudi Septemba 11, 1973, siku jeshi la Pinochet lilipompindua rais Allende. Ila wikiendi hii nimeangalia upya La batalla de Chile, dokumentari yake ya siku za mwisho za Allende, sehemu zote tatu, masaa manne na ushee kwenye laptopu, na sasa jibu ninalo.

Huyu mzee amezaliwa Santiago 1941, akaenda Madrid kusomea filamu, akarudi 1971 akakuta Salvador Allende yuko ikulu, viwanda vinataifishwa, wakulima wanachukua mashamba, kila mtu barabarani ana la kusema. Yeye ndoto yake ilikuwa filamu za kuigiza, lakini utatunga hadithi gani ishinde ile inayopita chini ya dirisha lako? Akabeba kamera akatoka. Dokumentari yake ya mwaka wa kwanza wa Allende ndo ilimkutanisha na Chris Marker, mtengeneza filamu Mfaransa, aliyeiona filamu hiyo huko Santiago akaipenda akaenda kuitafutia watazamaji kwao.

Sasa hapa ndo panaponinogea mimi. Mwisho wa 1972 mambo yamekaza, Marekani imebana mikopo, fedha za kigeni hakuna, mikanda ya kupigia filamu haipatikani. Guzmán akamwandikia Marker kumwomba, na Marker kweli akatuma, mikanda ya milimita 16 ya kutosha kama masaa 20 hivi. Masaa 20 kwa nchi nzima inayochemka! Simu yangu inabeba zaidi ya hapo na nimeijaza upuuzi. Kwa hiyo ile timu ya watu watano hawakuwa na ruhusa ya kupiga ovyo, walibandika orodha ukutani, huku tunayotaka kupiga, huku tuliyokwisha piga, na kabla ya kubonyeza wanajiuliza leo vita viko wapi, kiwandani, bungeni, kwenye migomo au kwenye foleni za chakula. Mpiga picha alikuwa Jorge Müller Silva, kamera begani, na Guzmán anasimama karibu na sikio lake anamnong'oneza kitakachofuata. Ukijua hilo unaelewa kwa nini zile picha hazina papara, mfanyakazi anabishana na kiongozi wa chama na hakuna anayemkatisha.

Alafu ikafika ile Septemba, ndege za jeshi zikaipiga ikulu ya La Moneda. Guzmán alikamatwa akawekwa kama wiki mbili kwenye Uwanja wa Taifa, uwanja wa mpira uliogeuzwa jela. Mikanda ilikuwa imefichwa nyumbani kwa mjomba wake, ikahamishiwa ubalozi wa Sweden, ikapanda meli mpaka Stockholm. Yeye akatoka nchini baadaye, na filamu ikaja kuhaririwa Cuba, yeye na mhariri Pedro Chaskel, sehemu ya kwanza ikatoka 1975, ya pili 1976, ya tatu 1979.

Müller yeye alibaki. Novemba 29, 1974 polisi wa siri wakamchukua, yeye na mchumba wake Carmen Bueno, muigizaji, siku moja tu baada ya uzinduzi wa filamu waliyoshiriki, na mpaka leo hawajaonekana. Chile tarehe hiyo ndo siku ya sinema ya taifa. Yaani wewe unakaa Havana kwenye meza ya kuhariri, kila fremu unayoikata imepita kwenye jicho la rafiki yako, na hujui yuko wapi. Mimi nikifika hapo sioni ajabu mtu asipohamia mada nyingine.

Na kuhusu kujirudia, hebu tuulizane, anajirudia kwa nani? Kwao hawakuiona! Pinochet alikaa madarakani mpaka 1990 na hata baada ya hapo mambo yalikuwa ya kunong'ona. Katikati ya miaka ya 1990 Guzmán akarudi na filamu mkononi akawaonyesha wanafunzi ambao walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa wakati ule, na hicho ndo kitu kinaonekana kwenye filamu yake ya 1997, Chile, la memoria obstinada, vijana wamekaa kimya baada ya taa kuwaka, wengine wanalia kabisa. Na yule mjomba aliyeficha mikanda yupo pia, mzee sasa, anapiga piano na noti nyingine zinampotea. Runinga ya kawaida ya Chile imekuja kuirusha La batalla mwaka 2021. Elfu mbili ishirini na moja jamani. Huwezi kumlaumu mtu kwamba anarudia neno wakati mara ya kwanza walimziba mdomo.

Kingine, harudii vilevile. Nostalgia de la luz ya 2010 iko jangwa la Atacama, wanaastronomia wanaangalia juu kutafuta mwanga wa zamani, na hapohapo kina mama wanachimbua mchanga kwa majembe madogo wakitafuta mifupa ya ndugu zao waliouawa enzi za Pinochet. Hajapaza sauti hata kidogo. Kama hujaona kitu chake chochote anza na hiyo. Tuzo za tamasha za filamu za Berlin na Cannes zilikuja baadaye, sina la kusema hapo.

Marker aliwahi kumshauri kwamba ukitaka kupiga picha za moto, uwe pale ambapo ulimi wa kwanza utawaka. Oktoba 2019 Santiago ikalipuka kwa sababu ya nauli ya metro kupanda peso 30, na mzee hakuwepo, anaishi Ufaransa. Akaja mwaka uliofuata, karibu miaka 80, akawahoji wanawake mmoja mmoja, filamu ikaonyeshwa Cannes Mei 2022 ikiwa imejaa matumaini ya katiba mpya iliyokuwa inaandikwa baada ya maandamano yale. Septemba mwaka huohuo wapiga kura wakaikataa rasimu ya katiba hiyo, kama asilimia 62. Nimeiangalia baada ya kujua hilo, na nilijisikia vilevile kama kwenye sehemu ya tatu ya La batalla, watu wanapanga kesho kwa sauti kubwa, na mimi huku kwenye kiti najua haikufika.