Jeni Zinapopishana Saa

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba jeni huleta maradhi kwa njia mbili tu: kuzidisha kazi au kuipunguza. Saa ya mwili, yaani mfumo wa ndani unaopanga nyakati za kazi za mwili, ndiyo iliyonibadilisha fikra, kwa sababu inaonyesha kwamba jeni zinaweza kuzalisha protini zake kwa kiasi cha kawaida na bado mwili ukataabika, kwa kuwa haziendi tena kwa pamoja.

Ndani ya seli, jeni za saa, zikiwemo PER na CRY, huwashwa na protini mbili. Protini zinazotokana na jeni hizo hujikusanya, kisha hurudi kuzizuia zile protini mbili zilizoziwasha jeni, na mzunguko mzima huchukua takriban saa 24. Saa kuu, iliyo ubongoni, hufuata mwanga unaoingia machoni, ilhali ini hufuata zaidi nyakati za kula. Mwaka 2000 watafiti waliwalisha panya mchana tu, wakati ambao kwa kawaida wanyama hao hulala: siku chache baadaye jeni za ini zilikuwa zimepindua ratiba yao, lakini zile za saa ya ubongo hazikusogea. Hakuna jeni iliyoharibika hapo. Mazingira peke yake yalitosha kuvitenganisha viungo viwili vya mwili mmoja.

Urithi nao huweza kuivuruga ratiba hiyo. Mwaka 2001 ilibainika kwamba badiliko dogo katika jeni PER2 liliwafanya watu wa ukoo mmoja wapitiwe na usingizi mapema jioni na kuamka kabla ya alfajiri.

Linalonigusa zaidi ni pale urithi na mazingira yanapokutana. Melatonini, homoni ya usiku, hupokelewa pia na kongosho kupitia kipokezi, yaani protini inayoipokea homoni hiyo, kinachotokana na jeni MTNR1B. Wapo wanaobeba aina ya jeni hiyo ambayo tangu mwaka 2009 inajulikana kuongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili, na hao, wakila usiku melatonini ikiwa imepanda, hupata shida zaidi kuliko wengine kuidhibiti sukari mwilini. Ndiyo maana naona kipimo cha sukari ya damu cha asubuhi, chenye manufaa yake, hakitoshi kwa mtu wa namna hii. Hakisemi lolote kuhusu ile saa ya usiku ambapo kongosho lilipokea amri mbili zinazopingana: chakula kikilitaka litoe insulini ya kushusha sukari, melatonini ikilitaka litulie.