Sauti Moja na Watu Kumi na Wawili

Kwa miaka minne nilikuwa kiongozi wa bendi ya muziki wa dansi jijini Dar es Salaam, huku nikipiga gitaa la ridhim, na katika muda huo hakuna aliyenikosesha usingizi kama mwimbaji wetu mkuu. Sitamtaja jina, kwa kuwa bado anaimba na bado namheshimu. Watu walilipa kiingilio ili wamsikie yeye, naye alilijua hilo.

Mazoezi ya Jumatano aliacha kuja. Jumamosi onesho lilianza saa tatu usiku, yeye akaingia saa tano, wakati vijana wameshamaliza nyimbo zote wanazozimudu na sisi tumekwisha kurudia ala tupu mara mbili. Akishafika, hubadili mpangilio wa nyimbo bila kumweleza mtu, na mara nyingine hukatisha chemko mpiga solo akiwa ndiyo kwanza anakolea. Jambo hilo lilimuumiza sana mpiga solo, kwa sababu katika dansi yetu chemko ndipo mashairi yanapokwisha na vyombo vinapopewa nafasi ya kusema.

Lililotuchoma zaidi lilikuwa fedha za kutunzwa. Shabiki akiguswa na wimbo hupanda jukwaani na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, na kwa makubaliano yetu noti hizo zilipaswa kuingia katika mfuko wa bendi na kugawanywa baada ya onesho. Yeye alianza kuondoka nazo. Wimbo uliotunzwa kuliko nyingine zote ulikuwa umetungwa na mpiga besi, ambaye usiku mmoja alirudi kwake Mbagala kwa miguu.

Wenzangu walitaka afukuzwe. Mimi niliogopa, na hofu hiyo ilikuwa na historia. Mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipoondoka bendi ya Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, bendi aliyoiacha haikurudia tena hadhi yake. Kwa upande mwingine, Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanzishwa mwaka 1978 ilipoteza wanamuziki wazito mwaka 1985, akiwamo Muhiddin Gurumo, walipohamia Orchestra Safari Sound, lakini Sikinde haikufa, kwa kuwa ilikuwa na watunzi na waimbaji wengine wa kusimama mbele. Nilipoitazama bendi yetu kwa kipimo hicho, niliona kosa langu: nyimbo kumi na nne kati ya ishirini hakuna aliyeziweza isipokuwa yeye, na ni mimi niliyeruhusu iwe hivyo.

Nilimfuata nyumbani asubuhi ya Jumatatu pamoja na mzee wetu wa tumba, kwani kumkaripia jukwaani au mbele ya vijana kungemfanya ajitetee tu. Mzee ndiye aliyeanza: "Mwanangu, hatukuja kukuhukumu. Tumekuja kukuuliza unaumwa nini." Mwimbaji alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. "Kaka, zile nyimbo ziko juu. Nilizirekodi nikiwa kijana. Nikianza saa tatu, ikifika saa saba sina sauti, na watu wanazisubiri hizo hizo."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Tulizipiga nyimbo zile katika ufunguo ule ule kwa sababu uliwafaa wapiga magitaa, ambao walizoea kutumia nyuzi zisizobanwa, na kwa sababu wapuliza saksafoni walikwisha kukariri vipande vyao. Mtu aliyelipa gharama ya uvivu wetu alikuwa yeye, naye aliona aibu kukiri kwamba koo lake si la miaka kumi na mitano iliyopita.

Tuliteremsha nyimbo sita kwa toni moja, kazi iliyotuchukua majuma matatu ya mazoezi na kuleta manung'uniko mengi, hasa kwa mpiga solo aliyelazimika kutafuta upya mahali pa vidole vyake. Kijana mmoja alikabidhiwa nyimbo nne za saa za mwanzo, na mwimbaji mkuu akaruhusiwa kuingia saa nne, kwa sharti kwamba orodha ya nyimbo ibandikwe nyuma ya spika na asiibadili bila kumwambia mpiga solo. Jumatano alianza kuonekana tena.

Kuhusu fedha za kutunzwa hatukuelewana kirahisi. Alishikilia kwamba noti iliyobandikwa kwenye paji lake ni yake, na mpiga besi alishikilia kwamba maneno ni yake. Tulibishana hadi usiku, tukakubaliana nusu iende kwa anayetunzwa na nusu iingie katika mfuko, mtunzi wa wimbo akiwa wa kwanza kupewa fungu lake. Jumamosi iliyofuata alishuka jukwaani, akazitoa noti zote mfukoni na kuzihesabu juu ya meza mbele ya mpiga besi, bila neno lolote.