Karatasi za BBC na maji ya mtaani kwetu

Mwaka 2008 Unguja tulikaa kiza karibu mwezi mzima, kuanzia mwisho wa Mei mpaka Juni katikati huko, umeme wa kutoka bara ule unaopita chini ya bahari ulikatika na pampu za maji nazo zikalala. Umeme uliporudi mji mzima vigelegele, wenzetu mabomba yakatoa, sisi huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, upande wetu kavu. Wiki zinakwenda, kavu. Ukenda kuuliza unaambiwa subirini umeme utulie, umeme gani tena jamani na mafeni yanazunguka?

Ndo wakati huo mtoto wa ami yangu kaja likizo kutoka Leicester, na kwenye begi ana rundo la karatasi alizoprinti zamani kwenye tovuti ya BBC. Miye BBC niliyoijua ni ya redio, Kiswahili wanatangaza tangu 1957 na babu alikua hakosi Dira ya Dunia, ukizungumza unafukuzwa. Hii ilikua nyengine kabisa. Manake Uingereza uchaguzi wa 2001 waliopiga kura asilimia 59 tu, kidogo kuliko uchaguzi wowote tangu 1918, BBC wakajiuliza hawa watu wamechoka au hawajui pa kuanzia? Mwaka 2003 wakafungua kitu wanakiita iCan, baadae wakakipa jina la Action Network. Unatafuta eneo lako, unaona nani mwengine ana shida kama yako, mnaanzisha kampeni, na kuna miongozo ya vipi kumwandikia diwani, vipi kukusanya saini, vipi kuwaita waandishi. Ila BBC wenyewe hawasemi kampeni hii nzuri ile mbaya, maana pesa zao ni ada wanayolipa wenye tv kule, anaetaka barabara na asiyeitaka.

Mwaka ule ule 2008 wakaifunga. Mtoto wa ami karatasi hakuzitupa.

Basi baada ya isha barazani, kahawa inapita, akawa anatusomea, anatafsiri papo hapo. Alichotushikia ni kwamba omba jambo moja, kwa mtu mmoja, na umpe tarehe. Bwana we, hapo ndo pakawa na kazi! Mzee mmoja akataka tutie na bei ya mchele, mwengine taka za sokoni, kijana mmoja uwanja wa mpira, tukabishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Ikabaki maji. Tuwaombe watu wa ofisi ya maji waje wachimbe waangalie bomba lenyewe, kabla ya mwezi kwisha.

Asubuhi nkenda na karatasi yetu ya tangazo la kikao redio moja hapa mjini, miye na mama mmoja jirani ambae kila akizungumza watu wananyamaza. Mtangazaji akasoma taratibu, akachukua peni akakata mstari uliosema wananchi njooni mtie saini. Akasema hili siwezi, nikilisoma itakua redio ndo inawaita, lakini kikao naweza kukitangaza. Yule mama akamwambia, mwanangu, weye nyumbani kwako maji yanatoka? Akacheka, hakujibu. Wakati ule nlikasirika kweli. Leo naona alikua hana tofauti na wale wa London, wao walitoa mlango na wakakaa pembeni, huyu katoa sauti na akakaa pembeni, na tofauti kubwa ni kwamba London kulikua na watu wanalipwa kuandika ile miongozo, sisi tulikua na mtu wa likizo na muuza kahawa.

Tangazo likasomwa mara moja, wakaazi wa shehia fulani mnaarifiwa kikao cha maji Jumapili baada ya laasiri. Basi tu. Walikuja watu hata wa mitaa ya pili, wanawake na ndoo zao tupu ingawa hakuna aliyewaambia wazilete, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, akaja akakaa mbele kama aliyekiitisha yeye, tukamwachia, kwani hasara gani? Karatasi ya saini ikajaa mbele nyuma, wengine wakaweka dole gumba.

Sheha mwenyewe ndo akaipeleka ofisini. Hazikupita siku nyingi wakaja mafundi na sururu, wakachimba pembeni ya ukuta wa nyumba moja iliyojengwa juzijuzi, chini wakakuta koki imefungwa na kufukiwa na kifusi. Nani kaifunga hakuna aliyesema, na mwenye nyumba siku ile alikua safari. Maji yakaja na matope kwanza, khalafu yakasafika, ila yakawa yanatoka saa saba za usiku mpaka alfajiri tu, kwa hivyo mtaa mzima tukawa tunakesha na madumu huku tunasinzia. Mtoto wa ami aliondoka na sauti imemkauka kwa kubishana, akituahidi akifika atatutumia mwongozo mwengine, wa kudai maji ya mchana.