Ua la Sultani

Daladala iliniteremsha njia panda ya Mbweni, nikaendelea kwa miguu kuelekea baharini. Nilikuwa namfuata John Kirk, balozi wa Uingereza hapa Unguja enzi za Seyyid Barghash, tabibu aliyependa mimea kuliko siasa, ingawa siasa ndiyo iliyompa jina. Alikuwa na nyumba na bustani huku. Ndiye aliyeipelekea bustani ya Kew ua ambalo siku hizi limejaa vibarazani Ulaya na Marekani. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa Kew, alilitangaza mwaka 1882, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wetu.

Mbweni nilikuta magofu ya skuli ya mabinti waliokombolewa utumwani, minazi, na popo. Ua lenyewe halipo.

Nilikuja kulipata njiani, kwa muuza miche, limepandwa kwenye makopo ya maziwa.

“Shikamoo mzee. Hili limetoka wapi?”

“Marahaba mwanangu. Hilo la kizungu, mbegu yake ya kuletwa.”

Kwa mbegu hakukosea. Mmarekani Claude Hope, aliyehamia Costa Rica, ndiye aliyezalisha aina fupi zenye kutanda na kufunikwa maua. Lakini asili yake ni huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, kwenye vivuli vya misitu na kingo za mito. Nililigeuza: petali tano bapa mbele, na nyuma mrija mwembamba uliopinda, wenye asali ya kipepeo. Tunda bichi lililokomaa nililibana kidogo tu, likapasuka na kujikunja, mbegu zikamrukia mzee shavuni. Akacheka, “Kumbe lina hasira!”

Sultani hakudumu nalo. Hooker huyo huyo mwaka 1868 alikuwa ameshaupa mmea kama huo jina la Horace Waller, mmishonari wa Zambezi. Wataalamu walipoona ni mmea mmoja, jina la kwanza likashinda: Impatiens walleriana. Nami naona ajabu yake hapo, maana Waller na Kirk walikuwa marafiki na wote walipinga biashara ya watumwa, na Kirk ndiye aliyembana Barghash mpaka akafunga soko la Mkunazini mwaka 1873.

Nilinunua kopo moja, la maua mekundu. Mzee aliniongezea jengine bure, akaniambia nisiliweke juani wala nisilisahau maji. Safari ijayo ni Usambara, kuwatafuta ndugu zake wa porini.